Ukungu wa Amani bila ukungu wa mkate: shajara ya kasha la vinyonga

11 Februari

Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikilipwa kutoa maji hewani. Ndiyo kazi ya fundi wa friji na AC hapa Tanga: hewa inaingia imelowa, inapita kwenye koili baridi, inaacha maji yake pale, na maji yanatoka kwa kibomba nyuma ya ukuta kumdondokea mpita njia kichwani. Leo Mwalimu kaniita kwake Raskazone kunipa kazi ya kinyume. Anataka niyaweke maji hewani, na yakae.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Pita huku nyuma uone wapangaji wangu."

Wapangaji ni vinyonga vibete wanne, aina ambayo wataalamu huiita Rieppeleon brevicaudatus. Mkubwa wao hafiki urefu wa kidole changu cha kati. Rangi yake ni ya jani lililokauka, na ubavuni ana mstari kama mshipa wa jani hilohilo. Ukimweka kiganjani anatetemeka kama simu iliyozimwa sauti. Kijana wangu nusura amwangushe. "Fundi, huyu ana umeme!"

Mwalimu alifundisha baiolojia sekondari mpaka alipostaafu. Wanyama hawa anao kwa kibali, kwa ajili ya wanafunzi wanaokuja kumtembelea. Niliseme mapema, maana najua swali linakuja: hawauzwi, na kuokota kinyonga msituni bila kibali ni kosa.

Kwa sasa wako kwenye ndoo kubwa ya plastiki yenye wavu juu. Ngozi inawabanduka vipandevipande, kwa mmoja imeganda kwenye vidole kama pete. Macho yamezama kidogo. Mwalimu anasema wanakauka. Hawa ni wa misitu ya chini ya Usambara, mchana wanatembea katika majani makavu sakafuni, usiku wanapanda kijiti kifupi kulala. Kaskazi ya Februari inayopita kwenye veranda ya Mwalimu siyo hewa waliyozaliwa nayo.

Nimepata kasha: kabati la kioo la duka la simu lililofungwa, urefu sentimita 90, upana 45, kimo 60, kioo cha milimita 5. Silikoni ya pembeni bado nzima. Mlango wa kuteleza mbele. Juu kuko wazi.

Njiani nikirudi kwa baiskeli nikawa nawaza hili neno ukungu. Kiswahili kimelipa kazi mbili. Kuna ukungu unaoshuka alfajiri kwenye msitu wa Amani, huko milimani Usambara, na kuna ukungu wa mkate uliosahauliwa kabatini. Mwalimu anautaka wa kwanza. Nikikosea, nitampa wa pili.

14 Februari

Vipima unyevu viwili, vyote vya bei ya chini, vimenunuliwa siku moja. Nikaviweka mezani bega kwa bega. Kimoja kinasema 71, kingine 88, yaani asilimia ya maji yote ambayo hewa ya joto hilo inaweza kubeba. Hewa ni ileile.

Fundi asiyekiamini kipimo chake anafanya kazi kwa ramli, kwa hiyo siku mbili zimekwenda kwenye chumvi. Jaribio lenyewe ni rahisi: weka chumvi kwenye kizibo cha chupa, ilowe kwa matone machache mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni maji yakiwa yameshakupwa (yaani ilowe lakini isielee), itie kwenye chombo kinachofunga kabisa pamoja na kipimo, iache usiku kucha. Hewa ndani ya chombo hicho itatulia kwenye asilimia 75. Hiyo ni tabia ya chumvi yenyewe, iwe Tanga au London, na joto halilisogezi jambo hilo sana.

Mara ya kwanza nilitumia chumvi ya mawe, ile ya mashamba yetu ya pwani. Mwalimu akanikataza. Chumvi ghafi ya bahari ina magnesi ndani yake, na magnesi inavuta maji kuliko chumvi ya kawaida. Ndiyo maana gunia lake hutoka jasho masika. Itakupa namba ya uongo. Nikarudia na chumvi safi ya pakiti. Asubuhi kipimo cha kwanza kilisoma 68, cha pili 84. Basi cha kwanza nakiongezea 7, cha pili nakipunguzia 9. Rudi kwenye ile 71 na 88 ya mezani: inakuwa 78 na 79. Sasa wanaelewana. Nimeandika masahihisho kwa kalamu ya wino nyuma ya kila kimoja.

20 Februari

Leo sakafu.

Chini kabisa sentimita 6 za vipande vya matofali ya kuchoma, saizi ya punje ya mahindi hadi kokoto. Kazi yake ni kuyapa maji mahali pa kutuama mbali na mizizi. Kona moja nimesimamisha bomba la PVC la nusu inchi lililotobolewa chini, ili niweze kuyanyonya maji yakizidi. Mwalimu aliliona, akauliza: la nini hilo? Nikamwambia, Mwalimu, AC isiyo na bomba la kutolea maji ni ndoo yenye feni.

Juu ya matofali, wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, udongo usidondoke. Halafu udongo wenyewe: sehemu mbili za usumba wa nazi, sehemu moja ya mboji ya chini ya mwembe wa Mwalimu, sehemu moja ya mchanga wa mto, na mkaa uliopondwapondwa konzi chache. Usumba nimeuchagua kwa sababu unashika maji kama sponji na kuyaachia polepole, halafu hauozi haraka. Ndiyo maana kamba zake zilishona mitepe, vile vyombo vya bahari vya zamani.

Nimeupata kwa mama mmoja wa upande wa Pangani anayesokota kamba. Gunia zima, umechambuliwa vizuri, laini.

Mimea: feri tatu kutoka kitalu cha hapa mjini, ule mmea wa kutambaa wa majani ya umbo la moyo ambao kila saluni inao kwenye chupa ya maji, na chungu kimoja cha ua dogo liitwalo Saintpaulia. Huyu wa mwisho ni wa kwetu. Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala huku Usambara, ndiye aliyepeleka mbegu zake Ulaya mwaka 1892, leo yuko kwenye madirisha ya dunia nzima, na mimi nimemnunua kitaluni kama mgeni. Katikati nimesimamisha kipande cha mti wa ua la mkonge, mwepesi, rahisi kukata, uwe mlima wa vinyonga.

6 Machi

Feri zote tatu zimekufa. Zilianza kuungua ncha, rangi ya kahawia ikapanda kutoka ukingoni kwenda katikati, kana kwamba zina kiu. Nikazidisha maji. Zikazidi kuungua. Saintpaulia kalegea.

Nilidhani ni joto. Nikadhani ni mwanga. Siku tatu nimehangaika na taa. Bibi, mke wa Mwalimu, alikuja na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akasimama, akauliza usumba nimeutoa wapi. Nikamwambia. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, makumbi yale yanafukiwa wapi kabla ya kupigwa?"

Ufukweni! Kwenye tope la bahari, miezi, mpaka yalainike. Kila mtoto wa pwani anajua. Nimezaliwa Makorora, nimepita kwenye mashimo yale tangu utotoni, pua imeziba kwa harufu yake, na bado nikaenda kununua gunia zima la chumvi na kuotesha feri ndani yake. Nilichukua uzi mmoja nikaulamba. Chumvi kabisa.

Yule mama hana kosa. Yeye anauza usumba wa kamba, wala hakuna kamba iliyowahi kufa kwa chumvi.

15 Machi

Usumba umeoshwa mara saba. Naujaza kwenye pipa, maji ya bomba, usiku mmoja, namwaga. Mpaka wa nne ladha ya chumvi ilikuwa bado ipo. Wa sita haikuwepo, nikaongeza wa saba kwa woga. Safari hii nimechanganya na usumba mbichi wa nazi za nyumbani, niliochambua mwenyewe kwa mkono. Nao pia nimeuosha, maana mnazi wa karibu na bahari huwa na chumvi yake.

Maji hayo ya bomba, kwa njia, yanatoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, na Zigi unashuka kutoka milima hiyohiyo ya Amani. Kwa hiyo nimeuosha usumba wa bahari kwa mvua ya msituni. Mwalimu kalipenda hilo, akataka niliandike. Nimeandika.

Feri mpya nne. Mizizi ya Saintpaulia nimeisuuza, nikampa kijiwe cha chokaa pembeni, kwa sababu porini huota kwenye miamba.

28 Machi

Sasa kosa la fundi.

Kaskazi ilikuwa kavu, nami niliogopa ukavu. Nikafunika juu kwa kioo chote, mlango nikaupa utepe wa sponji kama wa friji, nikanyunyiza maji mara tatu kwa siku, nusu lita kila mara. Kipimo kikapanda 95 kikakaa hapo. Usiku 95, mchana 95. Nilimpigia Mwalimu picha kwa fahari. Vinyonga bado wako kwenye ndoo yao (sasa tunawanyunyizia kwa mkono, macho yamerudi), kasha linajaribiwa tupu.

Siku ya tisa kioo hakionyeshi kitu, kimejaa jasho. Siku ya kumi na mbili nilifungua mlango na harufu ikanikuta kama ya pango la popo kule Amboni. Mti wa mkonge umevaa manyoya meupe kutoka shina hadi ncha. Majani makavu sakafuni yameshikana utelezi. Ukungu wa mkate, ndugu zangu.

Mkonge uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893: miche 1,000 ilianza safari kutoka Florida, 62 ikafika Tanga hai, na hiyo ikazaa mashamba yote unayoyaona ukielekea Korogwe. Mmea sugu. Lakini mti wa ua lake haukumaliza hata wiki mbili ndani ya kasha langu nilipoliziba. Ndani ni laini kama sifongo, unakunywa maji na kuyaweka.

Jioni nikakaa na karatasi. Hesabu ya AC, niliyopaswa kuifanya siku ya kwanza. Hewa ya nyuzi 24 ikishiba kabisa hubeba kama gramu 22 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Kasha langu lote ni lita 243, yaani chini kidogo ya robo ya mita hiyo. Kwa hiyo hewa yote iliyomo, ikishiba mpaka haiwezi tena, imebeba gramu 5 na kidogo. Kijiko kimoja cha chai!

Nami nilikuwa namimina lita moja na nusu kwa siku. Kijiko kimoja kinakwenda hewani, kilichobaki chote kinakaa kwenye udongo, kioo na mti wa mkonge, hakina pa kwenda kwa sababu nimeziba kila tundu. Sikutengeneza msitu. Nilitengeneza chupa.

4 Aprili

Mwalimu akasema twende tukauone huo ukungu unakotoka, kabla mvua haijaiharibu barabara. Tulilala Muheza, tukapanda na usafiri wa alfajiri. Tumeingia Hifadhi ya Amani kwa utaratibu, tumelipa, hatukuokota kitu isipokuwa namba.

Nilining'iniza kipimo (kile cha kuongeza 7) kwenye kijiti, shubiri moja kutoka ardhini. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi: 98 baada ya masahihisho. Kila jani lina tone. Saa tatu: 93. Saa tano: 84. Saa saba mchana jua limepasua matawi: 73. Upepo mdogo unapita muda wote, hauuoni, ila buibui wanauonyesha. Majani ya juu sakafuni yamekauka, yanalia chini ya kiatu. Nikainua jani la juu, la pili yake baridi na unyevu. La tatu limelowa.

Nilikaa pale nikatazama hayo majani matatu muda mrefu, Mwalimu akadhani nimechoka.

Msitu wenyewe hauwi 95 kutwa. Unalowa usiku, unakauka mchana, kila siku, na mnyama anachagua jani lake. Juu pakavu, chini paloevu, kati ya hapo vidole vitatu. Mimi nilikuwa natafuta namba moja ya kukaa nayo saa ishirini na nne, kama joto la friji la nyama.

Na jambo lenyewe halihitaji hata maji kuongezwa au kupungua. Hewa iliyoamka na 95 kwenye nyuzi 24, ukiipasha tu mpaka 32 bila kuitoa hata tone, kipimo kitasoma kama 60. Maji ni yaleyale, chombo kimepanuka. Najua hili tangu chuo cha ufundi. Sijui kwa nini sikulijua kwenye kasha.

11 Aprili

Nimebomoa. Kioo cha juu nimekikata: theluthi mbili wavu wa aluminiamu, theluthi moja kioo, upande wa feri. Mbele, chini ya mlango, nimetoa ukanda wa kioo wa sentimita 5 urefu wote nikaweka wavu. Taa ya LED iko juu nyuma, na ndiyo injini ya mambo yote: inapasha hewa ya juu kidogo, hewa inapanda na kutoka kwa wavu, nyingine inavutwa kutoka chini mbele. Ni dohani tu, kama ya jiko la kuni. Nilijaribu kwa udi wa Bibi: moshi uliingia chini mbele, ukalala juu ya majani, ukapanda nyuma, ukatoka. Umenukia nyumba nzima, Bibi kafurahi kuliko mimi.

Feni ya kompyuta ya volti 12 nimeiunga kwenye chaja ya simu ya volti 5. Inazunguka polepole, haisikiki. Inawaka saa nne asubuhi hadi saa tisa tu.

Mlima mpya ni matawi ya mpera yaliyokauka vizuri, nyuma nimegandisha vibamba vya makumbi mazima (yaliyooshwa!). Utepe wa sponji nimeutupa.

23 Aprili

Pampu. Nilitaka inyunyize yenyewe, kwa hiyo nikachukua pampu ya maji ya kioo cha gari, volti 12, betri ya pikipiki, na nozeli mbili. Matone makubwa mno, yanachimba udongo. Nikapata nozeli nyembamba; siku ya sita zimeziba chokaa. Nimezichemsha kwenye siki, zimezibuka, zimeziba tena. Kijana wangu akashauri tutumie maji yanayodondoka kwenye AC, hayana chokaa. Kwa kuosha kioo ni mazuri kweli. Kwa kunywesha mnyama hapana: yamepita kwenye koili ya shaba na sinia yenye utelezi ninaoufahamu vizuri, maana ndio ninaolipwa kuusafisha.

Wakati nahangaika na siki Mwalimu akanisimulia habari za chura wa Kihansi, yule aliyepatikana mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, Udzungwa, anayeishi ndani ya manyunyu ya maporomoko na si kwingine. Bwawa la umeme likachukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakafa. Mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na korongoni kukatandazwa mabomba ya kunyunyiza mahali pa maporomoko. Mabomba yalisaidia kwa muda. Mwaka 2003 idadi ya vyura ikaanguka ghafla, na miongoni mwa waliokufa kukakutwa kuvu wa ngozi anayeua vyura duniani kote. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Waliozaliwa kwenye bustani za wanyama wakaanza kurudishwa korongoni 2012.

"Kwa hiyo hata Kihansi walipata ukungu wa pili," nikasema.

"Fundi, wewe endelea na siki yako," akasema Mwalimu.

Pampu nimeiacha. Chupa ya mkono ya kunyunyizia, mpya, ambayo haijawahi kuona dawa ya mende. Mnyunyizo mmoja saa moja usiku, mmoja mfupi alfajiri, maji ya bomba yaliyochemshwa na kupoa. Vinyonga hawa hawanywi kwenye bakuli, wanalamba matone ya majani, basi kila mnyunyizo ni chakula cha jioni pia.

12 Mei

Masika imekaa. Siku nne sijaliona jua vizuri. Nje kipimo 90 na zaidi mchana kutwa, kuta za veranda zinatoka jasho. Sasa swali limegeuka: sitafuti tena unyevu, nautoroka.

Sijanyunyiza tangu tarehe 7. Bomba la kona nimelinyonya mara mbili, lita moja na robo kwa jumla. Feni siwezi kuitegemea kwa sababu inaingiza hewa ileile iliyolowa. Kinachosaidia ni joto kidogo: hewa ya nyuzi 26 yenye 90, ukiipandisha nyuzi tatu tu, inashuka kwenye 75. Nimeongeza taa ndogo ya pili, saa tano hadi saa nane. Juu ya majani panakauka, na hiyo inanitosha. Nyuzi 29 ndiyo dari yangu, juu ya hapo hawa wa msituni wanaumia kwa joto kabla hawajafaidi ukavu.

19 Mei

Uyoga mdogo wa kofia ya njano umeota pembeni. Mwalimu amenizuia kuung'oa.

Ukungu mweupe umejaribu kurudi kwenye kinyesi na kwenye tawi moja. Kutoka kwenye mboji ya mwembe tumeleta vidudu vya aina mbili: vile vyeupe vidogo kuliko punje ya ulezi, vinavyorukaruka ukiinua jani lililooza, na vile vya kijivu vinavyojiviringisha ukivigusa. Vinakula ukungu na uchafu. Nilikuwa na shaka, nikaweka kipande cha tango chenye ukungu makusudi. Siku tano, kimebaki ganda.

8 Juni

Umeme ulikatika saa kumi jioni, ukarudi kesho yake saa tano asubuhi. Zamani, na lile kasha la kuzibwa, ningekimbia na tochi. Safari hii nilikwenda asubuhi kwa hatua za kawaida. Bila taa wala feni kipimo 94, kioo kimelowa robo ya chini tu, hakuna harufu. Matundu hayahitaji umeme.

15 Juni

Wamehamia. Wanne wote, asubuhi, mmoja mmoja. Wa kwanza alitua kwenye jani kavu akapotea mbele ya macho yetu. Tulijua yuko pale kwa sababu tumemweka pale. Bibi alisimama mlangoni, hataki kusogea, kwao kinyonga ni nuksi. Lakini alihesabu pamoja nasi usiku. Saa mbili tulipita na tochi: watatu wamelala kwenye vijiti vya mpera, kimo cha kama shubiri, mikia imejikunja. Wa nne alikuwa kwenye jani la Saintpaulia, mmea ambao hautaki majani yake yalowe, na ambao kwa sababu hiyo nilikuwa nimeuweka mahali pakavu kuliko pote.

Chakula ni nzi wadogo wa ndizi mbivu, mchwa, na nyenje wachanga.

2 Julai

Kusi inavuma, usiku umekuwa na ubaridi. Wastani wa wiki hii: alfajiri 93, saa nane mchana 68 juu na 86 chini ya majani. Mnyunyizo mmoja tu, usiku. Mwezi mzima kasha limekunywa maji pungufu ya yale niliyokuwa nikilimwagia kwa siku mbili za Machi.

Kipimo cha pili kimeanza kuyumba. Nimekirudisha kwenye chumvi, sasa kinataka kupunguziwa 11, sio 9. Hivi vitu vinazeeka vikikaa kwenye unyevu, itabidi nivipime kila baada ya miezi mitatu.

12 Julai

Jike kubwa amejivua ngozi jana, saa nne asubuhi, majani yalipoanza kukauka. Imetoka kwa muda wa kunywa chai, vidole vyote safi, hata ile pete ya zamani imeondoka nayo. Mwalimu alinipigia simu dukani nikiwa juu ya ngazi na AC mikononi. Nilimsikiliza mpaka mwisho, mteja akinitazama.

Kioo kwa sasa: kinatoka jasho robo ya chini usiku, kinakuwa kikavu kufikia saa tatu asubuhi. Mlango wa kushoto unakwama, reli imeingia mchanga. Feri moja kati ya nne imekuwa kubwa mno, itabidi ipunguzwe.

Mwalimu anataka kasha la pili. Nimemwambia asubiri kidogo, kwa sababu mke wangu amesoma daftari hili lote, akafunga ukurasa, akaniuliza na kabati lake la nguo je, lenye kanga zinazonuka tangu masika. Nimetoboa matundu mawili ubavuni, moja chini, moja juu.

Kipimo cha kwanza kimelala humo usiku huu. Ongeza 7.